Namna ya Kurekodi Masimulizi ya Wanawake wa Ukoo, Kutoka Majengo hadi Ughaibuni

Anayetaka kujua namna maisha ya wanawake wa Mombasa yalivyobadilika katika miaka 80 iliyopita hana haja ya kusafiri. Mara nyingi mwenye habari hizo amekaa chumba cha pili, anachagua mchele kwenye uteo, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjukuu, binti, mpwa au mkamwana mwenye simu, daftari na subira, anayetaka kuyarekodi maisha ya bibi, mama na mashangazi wa ukoo wake, wakiwemo wale walio Muscat, Jeddah, London na Toronto. Haumfundishi mtu kuwa mtafiti wa chuo kikuu. Unamwonyesha namna ya kuuliza, kunasa sauti, kuandika na kutunza, pamoja na mahali ambapo mimi mwenyewe nilikosea, kwa kuwa kazi hii nimeifanya ndani ya ukoo wetu na makosa yangu huenda yakampunguzia mwingine safari.

Anza na kitu anachoweza kukishika

Mara ya kwanza nilipokaa na mama yangu mkubwa, nyumbani kwake Kibokoni, nilikwenda na daftari lenye maswali 40 niliyoyapanga kwa fahari. La kwanza lilikuwa: "Mama, hali ya wanawake imebadilikaje tangu ulipokuwa msichana?" Alinitazama, akanyoosha miguu juu ya mkeka, akasema: "Imebadilika, mwanangu. Nyinyi sasa mna masomo. Alhamdulillahi." Kisha akaniuliza kama nimekula. Maswali 39 yaliyobaki yalikwenda mwendo huo huo, na niliporudi kusikiliza nilichonasa, nilijikuta ninazungumza mimi kuliko yeye.

Wiki mbili baadaye sikwenda na daftari. Nilimwomba anifungulie sanduku lake, akatoa leso iliyofifia, upande mmoja tu wa doti, yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Nikamwuliza swali moja: "Hii ilinunuliwa na nani?" Akacheka peke yake kabla ya kujibu. Ilinunuliwa na mamake, si na babake, kwa pesa za kofia alizokuwa akishona usiku kwa taa ya chemni. Aliivaa yeye mwenyewe siku mumewe alipomleta mke wa pili nyumbani. Na upande wa pili wa doti alipewa huyo mke mwenza, miaka mingi baadaye, siku walipopatana msibani. Dakika 40 nilizonasa siku ile zilibeba habari za kipato cha mwanamke, za uke wenza, na za namna wanawake walivyosemeshana kwa nguo pale ambapo mdomo haukuruhusiwa, na wala sikutaja neno lolote kuhusu "hali ya wanawake".

Tangu hapo nimekuwa nikianza na kitu, kisha pesa, na kuyaacha maoni yaje yenyewe yakitaka kuja. Neno kama "mabadiliko" au "haki" humfanya mzee ajibu kama anayehojiwa redioni: hukupa jibu la heshima ambalo lingeweza kutolewa na mtu yeyote. Leso, picha ya studio, cherehani, pasipoti iliyokwisha muda, cheti cha talaka au stakabadhi ya kodi haina jibu la jumla, kwa sababu ilikuwa ya mtu mmoja na ilipatikana siku moja.

Leso yenyewe ina mengi ya kusomwa. Tazama pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina. Ikiwa maandishi ni ya Kiarabu, huenda ni ya zamani sana, kwa kuwa herufi za Kirumi zilikuja kuenea baadaye. Tafuta alama ya mwenye duka: leso nyingi za Mombasa zina maneno "Mali ya Abdulla", ambayo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mtaa wa Biashara, lililoanzishwa mwaka 1887. Sanaa na majina yalitungwa hapa kwetu, kisha nguo ikapigwa chapa Ulaya, Japani na baadaye India, ikarudi kuuzwa kwa mwanamke aliyeijua mitaa minne tu ya mji wake. Mwulize aliinunua wapi, kwa shilingi ngapi, na ni nani aliyemsomea jina kama yeye hakuwa amesoma.

Kuhusu nyumba, uliza maswali mawili na uyatenganishe: nyumba hii ni ya nani, na ardhi ni ya nani? Katika Majengo na mitaa mingine ya Mombasa watu wengi walijenga nyumba za Kiswahili juu ya ardhi ya mtu mwingine, wakawa wanalipa kodi ya ardhi huku nyumba ikiwa yao. Utashangaa ni mara ngapi mwenye nyumba alikuwa mwanamke, mjane au aliyeachika, aliyepangisha vyumba na kulea watoto kwa kodi hiyo. Omba kuziona stakabadhi na uzipige picha pande zote mbili, kwani mara nyingi jina lililoandikwa juu yake ni tofauti na jina ambalo ukoo mzima umekuwa ukilitaja.

Ridhaa

Kabla ya swali la kwanza, washa simu na umweleze mambo manne huku sauti ikinaswa: kwamba unarekodi na kwa nini, nani atakayesikiliza, kwamba anaweza kukataa swali au kusimama wakati wowote, na kwamba baadaye anaweza kukuambia ufute sehemu yoyote. Muache ajibu kwa maneno yake. Usimpe karatasi asaini ikiwa hajazoea karatasi, kwa maana wazee wetu wengi wamewahi kusainishwa karatasi za viwanja wasizozijua, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa kwamba hii ni ya mjukuu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haikubani unapotunza habari za familia kwa matumizi ya nyumbani, lakini siku utakapotaka kuchapisha au kutangaza, mambo hubadilika, na ridhaa iliyotolewa kwa ajili ya kusikilizwa na wajukuu si ridhaa ya kusikilizwa na dunia. Kumbuka vilevile kwamba masimulizi ya mtu mmoja yana siri za watu wengine ndani yake. Mke mwenza wa mama yangu mkubwa ana watoto walio hai, nao hawakuniruhusu lolote. Ndiyo maana sijasema alikuwa wa ukoo gani.

Wakati, mahali na sauti

Wakati mwema ni asubuhi baada ya staftahi au baada ya sala ya alasiri. Usimkatishe mtu usingizi wake wa mchana. Nenda na kitu mkononi, mahamri au halua, na ukubali kulishwa. Panga kikao cha dakika 30 hadi 45, halafu urudi siku nyingine, kwani vikao vitano vifupi vina faida kuliko kimoja cha asubuhi hadi magharibi.

Adui mkubwa wa sauti Mombasa ni feni. Haisikiki na sikio lililoizoea, lakini kwenye rekodi huvuma kama bahari ya kusi. Kuizima mwezi wa Februari ni kumtesa mzee, kwa hiyo zima kwa muda wa kikao kifupi, fungua dirisha la upande usio na barabara, na ukubali kwamba tuktuk zitapita. Weka simu juu ya leso iliyokunjwa kwenye kigoda, si juu ya meza tupu, ili mtikisiko wa meza usiingie. Ifunge mawasiliano isije ikalia katikati ya kilio. Jaribu kwa dakika moja, isikilize, ndipo uanze. Adhana ikiadhiniwa, nyamazeni wote na uiache simu iendelee kunasa. Mara nyingi neno zito husemwa mara tu baada ya kimya hicho.

Angalia pia ni nani aliye chumbani. Mwanamume mzima akiingia, hata akiwa mtoto wake wa kumzaa, mazungumzo hupindwa. Mkamwana akiwepo, habari za mawifi hukatika. Lakini mwite rika lake, jirani waliyecheza naye utotoni, na utapata usichoweza kukipata peke yako, kwa kuwa mmoja atasema "Wewe umesahau!" na mwingine atathibitisha kwamba hakusahau, na katika ugomvi huo mtamu miaka, majina na bei hupangika zenyewe. Mjukuu wa kiume anaweza kufanya kazi hii vizuri, maana utani wa bibi na mjukuu una nafasi yake, ila mambo ya unyago, makungwi na uzazi hatapewa, na asiyatake. Amtume dada yake.

Kuipata miaka

Usimwulize mtu "Ilikuwa mwaka gani?" Mwulize alikuwa ameolewa au bado, amembeba mtoto wa ngapi, na jambo hilo lilikuwa kabla au baada ya tukio linalojulikana na wote. Hapa kwetu vigezo havikosekani: mafuriko makubwa ya 1961, bendera ya Uhuru ya Desemba 1963 na mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, yaliyowaleta jamaa na masanduku yao Mombasa, kufunguliwa kwa daraja jipya la Nyali mwaka 1980, baada ya lile la kuelea lililojengwa mwaka 1931, ajali ya feri ya Mtongwe mwaka 1994, ghasia za Likoni za Agosti 1997 na mvua za El Niño zilizofuata, na M-Pesa mwaka 2007. Andika jibu kama alivyolitoa ("mwaka wa ajali ya Mtongwe, nikiwa na mimba ya kitinda mimba"), kisha mwaka uuweke pembeni kwa mkono wako, ili anayesoma atofautishe maneno yake na hesabu yako.

Mambo yanayostahili kuulizwa kwa kina

Ngoma ndiyo mlango mpana kuliko yote kwa waliozaliwa kabla ya miaka ya 1950, au kwa waliosimuliwa na mama zao. Lelemama, ngoma ya wanawake, haikuwa kucheza tu. Vyama vyake, hasa Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyokuwa vikishindana Mombasa, vilikuwa na vyeo, michango, karamu na hukumu. Mwanamke aliyekosa adabu angeimbwa hadharani, na karamu moja ingeweza kumaliza akiba ya miezi. Uliza nani alikuwa kiongozi, alichaguliwaje, nani alilipia ng'ombe na mchele, dhahabu ya nani iliwekwa rehani, na wanaume walisemaje. Mwombe aimbe, hata ubeti mmoja. Nyimbo hutunza majina ambayo kumbukumbu ya kawaida imeyapoteza, na sauti inayotetemeka kwenye mazungumzo huwa imara kwenye wimbo. Ukitoka hapo unaweza kufika kwenye vugo, chakacha na kesha za harusi, na kuona kilichohamia kwenye ukumbi wa kukodi wenye mpambaji, kamera na keki.

Wanawake wa zamani walipataje pesa? Kofia, mikeka, mahamri ya alfajiri, kupangisha vyumba, kukopesha dhahabu, mchezo wa kuchangishana kila mwezi. Fuata kila shilingi hadi mwisho wake: iliingia mikononi mwa nani, iliwekwa wapi, na nani aliyeamua itumikeje. Nimeona kwamba mwanamke atakayekuambia "mume wangu ndiye aliyekuwa akiamua kila kitu" atakuja kukueleza, swali la tatu au la nne, kuhusu kikopo kilichofukiwa chini ya pipa la maji. Maneno yote mawili ni kweli kwake, na usimlazimishe achague moja.

Mavazi nayo yana habari za safari za dunia. Buibui la bibi halikuwa abaya la leo. Abaya limetoka Ghuba, limekuja katika mizigo ya waliokwenda kazini na ya waliokwenda hija, likapendwa na wasichana kabla halijapendwa na mama zao. Uliza nani alivaa la kwanza nyumbani, alisemwa nini, na buibui la zamani lilikwenda wapi. Jibu la kwetu ni kwamba lilikatwa likafanywa pazia la jikoni.

Kuna jambo moja la kuliendea polepole mno. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wapo wazee waliolelewa na watu waliozaliwa ndani yake, upande wa mabwana au upande wa watumwa. Usiulize asili. Ukiuliza kazi, aliyemlea mtoto, aliyelala chumba gani na aliyekula na nani, atakwambia akitaka, na asipotaka umwache. Kwa familia za Frere Town na Kengeleni, ambako mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana waliwakalisha watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, pamoja na Waafrika waliorudi kutoka India, habari hii huweza kusimuliwa kwa fahari, kengele ya Frere Town ikiwa kando ya barabara hadi leo. Hao walikuwa wanaghaibuni waliorejea muda mrefu kabla ya neno hilo kuwa la kawaida, na masimulizi ya bibi zao yana shule, kanisa, ushonaji na ndoa ambayo bibi wa Mji wa Kale hakuyajua.

Ukipenda kuona namna kazi hii inavyoweza kufanywa kwa uangalifu, Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha mwaka 1989 masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa yaliyorekodiwa katika miaka ya 1970, mmoja wao akiwa wa kizazi cha watumwa. Mji ni mmoja, lakini kila mmoja anausimulia mji wake.

Waliokwenda Uarabuni

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na nchi za Ghuba kuanza kujenga, waliotangulia kutoka pwani yetu walikuwa hasa wanaume: madereva, makarani, mabaharia, na wale wenye jamaa Oman waliofuata damu. Baadaye wimbi likageuka, na kwa miaka mingi sasa anayepanda ndege aghalabu ni binti au mama mwenye watoto, anayekwenda kufanya kazi za ndani chini ya utaratibu wa kafala, ambao hufunga kibali chake cha kukaa kwa mwajiri mmoja. Zamani mke alibaki Mombasa akingoja barua. Leo ni mume anayengoja simu. Geuko hili ni kubwa kuliko mengi yanayosemwa kuhusu wanawake majukwaani, nalo linastahili kurekodiwa sasa, wahusika wangali vijana, si baada ya miaka 50.

Hapa maswali ya habari za magazeti hayafai. Usianze na "Walikutesa?" Binamu yangu wa Kisauni, aliyerudi baada ya miaka minne, alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba alikuwa na jibu lililokaushwa tayari. Nilimwomba anisimulie siku moja tu, tangu kuamka hadi kulala. Akanihesabia vyumba kwa vidole, akaeleza zulia la sebule ya wanaume lililosafishwa kila siku hata kama hakuingia mgeni, na mahali alipoficha simu, ndani ya pakiti ya unga wa ngano iliyokwisha nusu. Kisha akasema: "Nilikuwa nikimwogesha mtoto wao, namsikia wangu kwenye spika anaimba wimbo wa shule." Alinyamaza. Nami nikanyamaza, na hiyo ndiyo kazi ya mwuliza maswali wakati huo. Hesabu polepole hadi 20 kabla ya kufungua mdomo.

Baada ya siku, uliza pesa. Zilitumwa kwa nani: mume, mama, kaka? Zilifanya nini? Kiwanja kilichonunuliwa kimeandikwa jina la nani? Nani alipika, nani aliwaosha watoto, nani alikwenda mikutano ya shule? Hapa ndipo palipo na machungu mengi kuliko kwa mwajiri, kwa sababu wa nyumbani anajulikana jina. Wewe si kadhi wala hakimu. Usisuluhishe ukiwa umewasha simu, na usimpigie mume kuuliza upande wake siku hiyo hiyo. Akikueleza jambo ambalo bado linaendelea, mshahara uliozuiwa au jamaa aliyekwama huko, zima rekodi kwanza na msaidie kufikisha habari kunakohusika. Tangu 2022 serikali ya Kenya ina idara maalumu ya masuala ya diaspora. Na rekodi ya namna hii isipelekwe kamwe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, hata kwa dakika moja.

Walio ng'ambo

Kwa walio mbali, panga saa kwa makini. Saa 2 usiku Mombasa ni saa 7 mchana Toronto wakati wa kiangazi chao, na saa 6 wakati wa baridi. Muscat wametutangulia saa moja tu. Sauti ya simu ya intaneti hukatika na kubanwa, kwa hiyo mwombe mwenzako anase sauti yake kwa simu ya pili aliyoiweka mbele yake, kisha akutumie faili kama waraka badala ya ujumbe wa sauti. Mwulize vitu pia: amebeba nini kutoka nyumbani, leso za harusi ya bintiye aliagiza kwa nani, mbuzi wa kukunia nazi yuko kabatini au amekuwa pambo. Mwulize watoto wanamjibu kwa lugha gani. Shemeji yangu mmoja huosha vyombo kila usiku huko anakoishi, na nina ushahidi wa rekodi kwamba mamake alipokwenda kuwatembelea kwa miezi mitatu hakugusa hata kijiko.

Wanaume nao warekodiwe, kwa maswali hayo hayo ya vitu na pesa. Mzee aliyefanya kazi bandarini atakupa bei ya mahari yake na jina la mwanamke aliyemkopesha. Kijana aliyelea watoto peke yake mkewe akiwa Riyadh ana habari ambazo hakuna aliyemwomba, na huwa anazisema kwa aibu, kwa hiyo mpe muda.

Kuandika na kutunza

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa 5 au 6 kuandika, na mara nyingi zaidi. Andika kama alivyosema. Akisema "ndia", "nti", "mato" na "mtele", usimsahihishe kuwa njia, nchi, macho na mchele. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, ni sehemu ya ushahidi, na programu za kuandika sauti humnyoosha hadi akawa mtangazaji wa taarifa ya habari. Maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kiingereza yaache yalipo. Weka alama mahali alipocheka, alipoimba na alipokaa kimya.

Kila faili lipe jina linaloanza na tarehe, kisha uhusiano wa kifamilia na mtaa badala ya jina kamili, na weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya pembeni iliyo nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Chumvi ya hewa yetu huua vifaa, na diski ya Mombasa isiaminiwe kama ya Nairobi.

Kabla ya kumaliza, uliza kama zipo kaseti. Kabla ya simu kuwa rahisi, waliokwenda Ghuba walituma barua za sauti kwa kanda, zikabebwa na abiria, na baadhi bado zimo kwenye makasha ya viatu chini ya vitanda. Usiitie kaseti ya zamani kwenye redio yoyote uliyoazima. Tazama kwanza kama ina ukungu, ijaribu redio kwa kanda isiyo na thamani, na unase mara ya kwanza inapocheza, kwa kuwa huenda ikawa ya mwisho. Kama ukoo utakubali masimulizi yatunzwe pia mahali pa umma, zungumza na RISSEA, taasisi ya utafiti wa Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Mombasa, ukiwa na ridhaa zako na masharti ya mzungumzaji.

Kumrudishia mwenyewe

Maandishi yakikamilika, rudi kwake ukamsomee, au umchezee sauti yake. Chagua siku asiyokuwa na wageni. Mama yangu mkubwa alisikiliza habari ya leso hadi mwisho, macho yamefumba, kisha akasema: "Hapo nimekosa. Ule upande wa pili hakupewa msibani. Aliuomba mwenyewe, kabla." Nilitaka kufuta sentensi ya kwanza niiandike upya, lakini sikufuta. Acha maneno ya kwanza yalivyo, weka sahihisho chini yake pamoja na tarehe aliyolitoa, kisha umwulize, kama nilivyouliza mimi: aliuomba kwa maneno gani?